Kivuli Chini ya Tremolo

Jumatatu, 8 Julai

Asubuhi yote springi za magitaa na kutu. Nimeziloweka kwenye mafuta ya taa. Baridi ya Julai, vidole vizito kama vya mtu mwingine. Jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho yake na unga wote unaingia kwangu. Nimefunga dirisha. Nimelifungua. Nimemtukana kimoyomoyo.

Makala yangu imetoka gazetini. Wamekata aya zenye meno, kama kawaida yao. Hoja imebaki: magitaa ya bendi zetu za kusini yanaozea darini huku tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni. Niliyoyaokoa yako katika chumba hiki, hapa Masasi, na kila moja nimelipatia umri wake. Watu huniuliza najuaje. Tremolo. Ule mkono wa chuma karibu na kitako cha gitaa, ukiubonyeza nyuzi zinalegea na sauti inayumba. Rangi hupakwa upya, nembo hubandikwa, namba hufutika. Tremolo ni mashine, na kiwanda hubadili mashine kila kinapopata akili mpya au kinapotaka kubana gharama. Nionyeshe sahani iliyoushika mkono huo, nionyeshe skrubu, nitakuambia gitaa lako ni la zama zipi.

Mchana karani wa baraza la kata kaleta wito. Mwanamke wa Newala, Katarina, huitwa Mama Deo, anadai gitaa jekundu ni la marehemu baba yake. Kaliona kwenye picha ya makala yangu.

Gitaa jekundu ni la Baba. Baba yangu mimi. Nimecheka. Halafu kicheko kikaisha na karani bado amesimama mlangoni.

Jumanne, 9 Julai

Niandike ninayoyajua, nisijichanganye kesho.

Baba alipiga solo Miamba Jazz, bendi ya hapa Masasi. Alisema mwenyewe, mara nyingi, mbele ya watu: gitaa hili alilipata Lindi, dukani kwa Mhindi, baada ya Azimio la Arusha. Nimekulia chini yake. Lilining'inia ukutani juu ya kitanda changu.

Baba yake Katarina ni Benedikti, mpiga solo wa Nyanda Jazz ya Newala. Alikwenda kukata mkonge Tanga, akarudi na gitaa la umeme kabla ya Azimio. Hilo kila mtu wa umri wetu amelisikia. Na kila mtu amesikia mwisho wake: Benedikti aliliuza gitaa akalinywa, bendi ikafa. Watoto wake waliitwa watoto wa muuza gitaa mpaka shuleni. Katarina anasema baba yake hakuuza kitu. Anasema lipo kwangu, na anataka Newala yote ilione.

Namuelewa. Simhurumii. Ili yeye amsafishe baba yake lazima ampake wangu matope. Benedikti akiwa hakuuza, basi Baba aliiba.

Hoja yake kuu ni alama ya moto kichwani mwa gitaa. Upuuzi. Wapiga gitaa wote wa zama zile walichomeka sigara kwenye ncha za nyuzi na kuisahau. Ninayo mengine chumbani humu yenye alama hiyo hiyo.

Jumatano, 10 Julai

Baraza. Ukumbi umejaa. Watu wa Masasi wanapenda kesi kuliko mpira.

Katarina mrefu, mkavu, rozari shingoni, kitenge kipya kwa ajili ya shughuli. Ananizidi umri. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa utulivu kabisa, kisha akageukia wazee akaniita mtoto wa mwizi.

Alieleza vizuri, nakubali. Alikuwa mtoto, na kila Jumamosi kabla ya dansi baba yake alimpa majivu na kitambaa ang'arishe chuma cha gitaa. Mkono mwembamba. Sahani nyembamba yenye mabega mawili, inabanwa katikati, inapanuka tena chini kama chungu. Alichora hewani kwa kidole. Aliijua kwa vidole vyake.

Nikasimama. Niliwaambia sahani ya namna hiyo ipo kweli, ni ya bati jembamba lililopigwa mhuri, na kiwanda cha Japani kilichotoa magitaa haya kiliacha kuitengeneza mapema. Kisha nikaweka gitaa jekundu mezani. Sahani nene ya kumimina, imenyooka pande zote kama tofali. Skrubu za nyota, si za bapa. Mkono unaingia kwa kuzungushwa, haubanwi kwa nati. Nikamwita mwenyekiti aguse. Akagusa. Nikasema gitaa hili lilitoka kiwandani baada ya Azimio, na marehemu Benedikti, kwa maneno ya binti yake mwenyewe, alirudi na lake kabla. Kwa hiyo si hili.

Makofi. Mtu nyuma akasema Mwalimu, yaani mimi, amewanyoa Wamakonde bila maji. Wakacheka hata waliotoka Newala, maana sisi Wayao na wao ni watani, na kutukanana ndiyo adabu yetu.

Katarina hakucheka. Uamuzi Jumatano ijayo.

Nimeshinda. Nimekula wali na samaki mpaka nimeshindwa kupumua.

Ijumaa, 12 Julai

Sitaki kuandika hili. Naandika.

Redio wananitaka kesho na gitaa, nilipige hewani. Tremolo ilikuwa nzito, mkono haurudi. Nimetoa nyuzi, nimetoa springi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimetoa sahani nzima. Miaka yote niliondoa skrubu za mbele tu, nikainua kidogo, nikasafisha kwa brashi. Nililiogopa. Gitaa la Baba.

Chini ya sahani kuna kivuli.

Rangi ya gitaa imepauka kwa jua na moshi, isipokuwa pale ilipofunikwa. Na palipofunikwa hapafanani na tofali. Wekundu mbichi, mzito, una mabega mawili, unabanwa katikati, unapanuka chini. Chungu. Nimekaa nikiutazama mpaka chai ikawa baridi.

Ndani ya kivuli kuna matundu ya skrubu za zamani, yamezibwa kwa vijiti vyeusi. Hivyo vijiti navijua. Kimoja huchungulia pembeni mwa sahani, na nimewahi kukiandika, kwa majigambo, kwamba ni kazi ya kiwandani, mti mweusi wa Asia. Leo nimekitoa kwa sindano. Hakikukatwa na mashine. Kimechongwa kwa kisu, kina nyuso kama penseli, kimesuguliwa kwa msasa wa majani. Nimekigusisha sindano ya moto. Harufu ile.

Mpingo. Mimi, niliyezaliwa chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde wachonga mpingo, nilitazama mpingo nikaona Japani.

Tremolo nimeipa umri sawasawa. Gitaa sikulipa. Nilisoma umri wa kofia nikadhani nimesoma umri wa mtu.

Gitaa ni la Benedikti.

Baba.

Jumamosi, 13 Julai

Nilirudisha sahani. Nikakaza skrubu zote. Nikaenda redioni.

Niandike pia kwamba nilifikiria kukifuta kivuli kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, kisha rangi nyekundu ya mkebe. Kwa dakika chache tu nilifikiria, lakini kwa kina, kama fundi.

Mtangazaji alinisifia. Nikazungumza juu ya kumbukumbu, juu ya taifa lisilotunza vitu vyake, maneno ambayo jana yalikuwa yangu. Kisha wakafungua simu. Wa kwanza aliomba wimbo. Wa pili alikuwa Katarina. Alimsalimu mtangazaji, akaniombea afya, akasema ana swali dogo.

"Mwalimu, ukiitoa hiyo sahani, chini yake kuna nini?"

Nikasema, "Mbao, dada yangu."

Studio nzima ikacheka. Yeye akasema, "Ahsante. Nilitaka tu nikusikie ukijibu," akakata.

Ni mbao kweli. Sikusema neno moja la uongo, na nimedanganya mkoa mzima.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, gitaa mgongoni. Wanafunzi wangu wa zamani wananipungia. Nimewachukia.

Jumapili, 14 Julai

Hasira. Kwa Katarina, kwa swali lake. Kwa wazee wa baraza wanaoamini chochote chenye sauti kubwa. Kwa Baba zaidi ya wote.

Nimepekua maneno yake yote kichwani. Hakuwahi kuniambia "nilinunua gitaa hili". Alisema "hiki nilikipata Lindi", na kila mara alikuwa ameshika mkono wa tremolo. Nilidhani ni madaha ya wapiga gitaa.

Na jina la Benedikti halikutajwa nyumbani kwetu kamwe. Bendi zote za kusini tulizitaja, wapigaji wote, hadi wa Tunduru. Huyo hapana. Mtoto anayesoma vitabu vyote vilivyomo ndani ya nyumba hakuliona hilo.

Aliyebaki wa kuniambia ni shangazi yangu wa Chiungutwa, dada yake Baba. Simpendi na hanipendi. Keshokutwa.

Jumanne, 16 Julai

Chiungutwa kwa bodaboda. Barabara vumbi tupu, nimefika mwekundu kama gitaa lenyewe.

Shangazi alikuwa anaanika makopa juu ya mwamba. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniambia nimenenepa na nimesikika redioni nikipiga kelele. Nikamuuliza moja kwa moja kama Baba aliiba gitaa la Benedikti. Hakushtuka. Aliendelea kugeuza vipande vya muhogo.

Kwa maneno yake, Baba na Benedikti walipendana kuliko ndugu. Walipokezana nyimbo na wanawake, alisema, na alisema kwa kufurahia kuniudhi. Mama yake Benedikti alipofariki, Baba alipanda Newala kumzika. Na kama ilivyo haki ya mtani msibani, aliingia na vurugu zake: alilala kaburini kabla ya maiti, akazuia wachimbaji, akaingia ndani akachukua kitu kinachouma zaidi. Gitaa. Wafiwa walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani. Kitu kinashikwa, wenyewe wanakuja kukikomboa kwa chochote, kuku, unga, hata kanga iliyochakaa, na mtani anapokea. Hana ruhusa ya kupima.

Siku ya kuanua matanga Benedikti alileta jogoo.

Baba alimtazama jogoo akasema gitaa la umeme halikombolewi kwa manyoya. Alitaka mbuzi. Shangazi anasema alikuwa anatania, au alianza kwa kutania. Walikuwapo watu, walicheka, naye akapenda kuchekewa. Benedikti alimfunga jogoo wake upya miguu, akamchukua, akaondoka bila kuaga.

"Baba yako alisubiri arudi," alisema shangazi. "Huyo naye akasubiri aletewe. Wanaume wawili, kila mmoja kakaa mlangoni kwake."

Nikauliza kwa nini Benedikti hakushtaki, hakusema, aliacha aitwe muuza gitaa hadi kufa. Shangazi akanitazama kama mtu aliyemwaga maji ya kunywa. Mtani hashtakiwi. Ukimshtaki mtani umekubali kwamba utani umekufa, na wewe ndiye uliyeuua. Benedikti aliona bora aitwe mlevi.

Na tremolo? Mkono wa zamani ulivunjika kwenye dansi, miaka baadaye. Baba alipata mwingine Lindi, akampa mchongaji wa Kimakonde hapa mjini azibe matundu. Chuma ndicho kilichotoka Lindi. Hakudanganya. Aliacha sentensi iishie pale ilipompendeza. Jumamosi nami nilifanya vivyo hivyo, tena kwa kipaza sauti.

Shangazi akanifungia makopa nije nayo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba sijawahi kumuuliza mtu jambo lolote, huwa nawaambia.

Jumanne, jioni

Kesho uamuzi. Nikinyamaza nashinda. Hakuna anayejua kilicho chini ya sahani ila mimi, na shangazi hatasafiri kwenda kumuumbua kaka yake.

Nikisema, Baba ndiye atakayezikwa upya. Si mwizi, lakini ni mtu aliyekataa jogoo wa mfiwa mbele ya watu. Huku kwetu sijui lipi baya zaidi.

Nimewashambulia wengi kwa kalamu kwa kuficha vitu vidogo kuliko hiki. Wengine walikuwa na watoto wao.

Nimetoa bisibisi, nimeiweka kwenye mkoba.

Jumatano, 17 Julai

Nimesema.

Mwenyekiti alikuwa keshaanza kusoma uamuzi, kwa upande wangu. Nikamkata kauli. Akaudhika. Nikaweka gitaa mezani, nikatoa nyuzi, nikatoa skrubu za nyota moja moja. Skrubu moja ikaanguka ikaviringika hadi miguuni kwa Katarina. Akaiokota, akairudisha. Hakujua bado.

Nikainua sahani, nikamwita aje.

Alitazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alilowesha kidole kwa mate, akapitisha kwenye ukingo wa kivuli, polepole, bega moja, kiuno, bega la chini. Kama mtoto mwenye majivu. Hakulia. Alivuta pumzi, akaitoa.

Nikaueleza ukumbi kosa langu: nilitoa umri wa chuma kilichobadilishwa nikakiita umri wa gitaa. Nikaeleza vijiti vya mpingo. Kisha msiba, na jogoo, na mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi wazee wote waliinamisha vichwa. Mmoja alisema tu, "Aah, Issa," jina la Baba, kwa sauti ya chini. Ningependelea angenitukana.

Kijana mmoja dirishani akapiga kelele kwamba mwizi kapatikana. Wachache wakamfuata. Nikafungua mdomo kumjibu na Katarina akanitangulia.

"Nyamaza wewe. Mtani haibi. Alikaa na kitu chetu muda mrefu, basi."

Akanigeukia mimi, sauti ngumu vilevile. Alisema hana shida na kipande cha ubao, ana shida na Newala. Walioimba "muuza gitaa" bado wako hai na wana redio majumbani. Nimwambie nitafanya nini.

Nikamwambia Jumamosi nitasema redioni. Akasema atasikiliza. Baraza likaandika kwamba shauri limekwisha kwa watani kuelewana, nami narudisha kwa mkono wangu.

Sijisikii mwema. Najisikia kama jino lililong'olewa.

Ijumaa, 19 Julai

Gazeti wamekataa makala ya kusahihisha. Wanasema haina mvuto. Ya matusi ilikuwa nao. Nimewaandikia barua ndefu, nimeichana, nimeandika fupi, mbaya zaidi, nimeituma.

Nimeliunganisha gitaa. Nimejadiliana na nafsi yangu kuhusu tremolo. Ya kumimina si yake. Lakini ile ya bati haipo, na bila chuma hiki gitaa halina sauti. Nimeiacha. Vijiti vya mpingo nimevirudisha kimoja kimoja mahali pake.

Jumamosi, 20 Julai

Redioni asubuhi. Nilikataa utangulizi wa mtangazaji. Nilisema: Benedikti wa Nyanda Jazz hakuuza gitaa. Alinyamaza kwa sababu alimheshimu mtani wake kuliko mtani wake alivyomheshimu. Aliyemwita muuza gitaa alimwita kwa uongo, na nyumba yetu iliusikia uongo huo ikaufungia mlango isiuone. Nilisema Jumamosi iliyopita niliulizwa chini ya sahani kuna nini nikajibu mbao, na nikaeleza kilichokuwapo. Mtangazaji akaweka muziki upesi. Simu hazikufunguliwa.

Kisha basi hadi Newala, gitaa mapajani. Kwenye mpando wa uwanda masikio yaliziba. Juu upepo wa baridi, watu wamejifunga makoti.

Nyumba ya Katarina iko nyuma ya soko. Alikuwa amekaa na majirani ukumbini, redio mezani. Nikapiga shikamoo ya watu wote, wakaitikia. Hakuna aliyenipa kiti. Nikasema nimeleta mateka wa msiba na nataka ukombozi wangu, kwa mujibu wa desturi. Wakatazamana. Nilidhani nimeharibu kila kitu kwa mara nyingine.

Mzee mmoja akaanza kucheka. Mwembamba, koti la jeshi. Akasema Wayao hawana haya, miaka yote hiyo na bado anadai. Akasema mimi ni Issa mtupu, ila huyo alikuwa mzuri wa sura. Wakacheka wote. Nikamjibu kwamba Newala hakuna maji ndiyo maana hajawahi kuiona sura yake mwenyewe. Kiti kikaja.

Katarina aliingia ndani. Alikaa huko muda. Akatoka na ming'oko, viazi vya porini, imefungwa kwenye gazeti, mibichi, bado ina udongo. Akaniwekea mapajani akachukua gitaa.

"Pima," alisema.

Nikapokea kwa mikono miwili. Sikupima.

Hakuna aliyejua kupiga. Deo, mwanawe, kakulia Dar, akalishika kama jembe. Wakaliweka juu ya kabati, chini ya picha ya Benedikti. Walikuwa wanapita mmoja mmoja kulitazama nilipoaga.

Jumapili, 21 Julai

Nimeamka bila kengele. Upepo umetulia.

Nimeosha ming'oko uani, udongo mwekundu umetoka taratibu kwenye maji. Nimechemsha kwa chumvi. Huchukua muda. Nilikaa kando ya jiko bila kitabu.

Maganda yake membamba, yanatoka kwa ukucha. Ndani myeupe, laini, utamu kidogo. Nimekula nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Jirani kapita na pampu yake ya salfa mgongoni. Ameniuliza leo mbona kimya. Nimemwambia aingie, ipo ya kutosha.